Kuondoka, Kuacha, Kuhunguka

"Natoka Rumonge." Maneno mawili tu, lakini yana wasemaji wa namna mbili. Abiria aliye ndani ya basi linaloshika barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika kwenda Bujumbura akiyasema kwenye simu, ana maana kwamba yuko njiani na mji huo wa Burundi umebaki nyuma. Mzee wa Mishamo, huko Katavi nchini Tanzania, akiyasema, ana maana kwamba Rumonge ndiko kwao, ndiko kilikozikwa kitovu chake, hata kama hajakanyaga huko tangu 1972. Na mjukuu wake, aliyezaliwa Mishamo kwenye mashamba ya tumbaku, anaweza kuyasema vilevile bila kudanganya, ingawa hajawahi kuona hata paa moja la Rumonge.

Ndivyo Kiswahili kinavyouliza asili ya mtu: kwa kitenzi cha kuondoka. Unatoka wapi? Swali lenyewe limekwisha kumdhania msikilizaji kuwa hayuko kwao. Kwenye fomu jibu lake hubadilika hata kama mtu hajabadilika. Aliyekimbia mwambao huu mwaka 1972 alitoka mkoa wa Bururi, kwa kuwa ndimo Rumonge ilimokuwa. Aliyekimbia katikati ya 2015 alitoka mkoa wa Rumonge, ambao ulikuwa umeundwa Machi ya mwaka huohuo. Anayevuka leo anatoka Burunga, baada ya mikoa 18 ya Burundi kupunguzwa ikawa 5. Ziwa ni lilelile, na michikichi ni ileile.

Mwambao huu umeona watu wakiondoka kwa karibu kila namna ambayo lugha inaweza kuitaja. Tena hapa si suala la ufasaha peke yake. Katika Rumonge, kitenzi kilichochaguliwa kuelezea safari ya mtu kimekuwa na uzito katika kuamua nani avune mawese na nani afungashe virago.

Kiingereza kina neno moja la kazi hii, leave. Mwenye lugha hiyo hulitumia akitoka mahali, akimwacha mkewe, akirithisha shamba, akibakiza chakula kwenye sahani. Hulitumia hata kwa likizo ya mfanyakazi na kwa ruhusa inayotolewa na mahakama. Kwake ni neno jepesi. Kwa mfasiri anayeketi kati ya mkimbizi na ofisa wa shirika, neno hilo ni mtego. Kiingereza kikisema mtu fulani "left" shamba lake, Kiswahili hakiwezi kusonga mbele mpaka kiulize: aliondoka shambani? Aliliacha? Alimwachia nduguye? Au alikufa, likawa urithi? Kila jibu lina kitenzi chake, na kila kitenzi kina hukumu ndani yake.

Kuondoka kwenyewe kuna historia ya heshima. Kamusi za zamani, ikiwemo ile ya Johnson ya 1939, zinakumbuka kwamba maana yake ilikuwa kuinuka: mtu aliyekuwa ameketi akiondoka, amesimama. Humo ndimo tulimopata kumwondokea mtu, yaani kunyanyuka kitini mgeni wa heshima anapoingia. Tulisema pia kwamba kijana aliondokea kuwa hodari, maana yake alikua akawa hivyo. Na wasimulizi wa pwani walizoea kufungua ngano kwa "paliondokea": paliondokea sultani, paliondokea maskini na mwanawe. Kitenzi ambacho leo tunakitumia kufunga mambo ndicho kilichokuwa kikiyafungua. Napenda jambo hili likumbukwe, kwa kuwa linatuonyesha kwamba aliyeondoka, kwa maana ya asili ya neno, ameinuka kwa miguu yake na kwa shauri lake. Neno linampa mtu hiari, na si kila aliyetoweka Rumonge alikuwa nayo.

Lina umbo moja, hata hivyo, ambalo linaupatia mji huu haki yake. Mtu akifiwa, tunasema ameondokewa. Ameondokewa na mumewe, ameondokewa na mama. Hapo anayetajwa kwanza si aliyekwenda bali aliyebaki, na kuondoka kunakuwa jambo lililomfika yeye. Kwa umbo hilo naweza kusema Rumonge iliondokewa mwaka 1972, na nisiwe nimeongeza wala kupunguza.

Likizo na ruhusa, zile maana nyingine za leave, nazipita upesi. Wavuvi wa ziwa hili wana likizo yao ya kale, siku za mbalamwezi, ambapo taa za mitumbwi hazina nguvu ya kuwavuta ndagala na nyavu hubaki ufukweni. Wana lugha yao pia. Jioni mvuvi hasemi anaondoka. Anasema anaingia ziwani. Alfajiri, akirudi na ndagala na mukeke, ndipo anapotoka. Kwake yeye kutoka ni kufika nyumbani, na nchi kavu ndiko nje. Abiria wa basi na mvuvi huyu wanatumia kitenzi kimoja, mmoja akiupa mji mgongo na mwingine akiuelekea.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, wakaua watu, wengi wao Watutsi. Serikali ya Rais Michel Micombero ilijibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima dhidi ya Wahutu, ikiwaandama hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani. Makadirio ya waliouawa yanaanzia 100,000 na kupanda hadi 300,000. Warundi wanayaita mambo ya mwaka ule ikiza, neno la Kirundi la baa au janga, na sijaona neno la Kiswahili linalolitosha. Watu wa mwambao waliingia ziwani usiku, safari hii bila nyavu wala taa, wengine wakielekea Kigoma, wengine ng'ambo ya Kongo. Wengine walishika njia ya kusini kwa miguu. Tanzania iliwapa mapori wayafungue: Ulyankulu huko Tabora, kisha Katumba na Mishamo.

Nyuma yao mashamba hayakukaa wazi. Tambarare ya Rumonge ni ardhi ya mchikichi, na mchikichi ni fedha: mawese ya kupikia, mafuta ya sabuni, mzigo wa kupeleka Bujumbura. Katika miaka iliyofuata dola ilizigawa ardhi hizo kwa watu wengine, na miradi yake ya kilimo ikapanda michikichi ya aina bora palipokuwa na mashamba ya waliokimbia. Walioingia hawakuwa wote wanyang'anyi. Wengi walipewa na serikali, wengine walinunua kwa waliopewa, wakajenga, wakazaa, wakazika wazazi wao humo. Sheria ya ardhi ya 1986 nayo ilimtambua mtu aliyekalia ardhi miaka 30 bila kupingwa. Ukihesabu kutoka 1972, miaka hiyo ilitimia 2002, na wengi wa waliokimbia mwaka ule walikuwa bado Tanzania.

Hapo ndipo kitenzi kuacha kinapoingia barazani. Aliyeliacha shamba ameliachilia. Msikilizaji husikia mkono uliofunguka wenyewe. Aliyemwachia jirani shamba ametoa amana, na amana hurudi kwa mwenyewe. Ile -ia moja inaongeza mtu wa pili ndani ya sentensi na ahadi kati yao. Aliyeachishwa shamba ana mtu aliyemwachisha, na huyo mtu anapaswa kutajwa. Umbo hili la mwisho tunalijua zaidi kwa watoto: mtoto huachishwa ziwa, hataki, analia, lakini uamuzi si wake. Lugha yetu inatumia neno ziwa kwa titi na kwa maji haya mapana yanayolala kati ya Burundi na Kongo, kwa hiyo kusema watu wa Rumonge waliachishwa ziwa ni Kiswahili sanifu kwa maana zote mbili.

Umbo ninaloliogopa ni "mashamba yaliyoachwa." Limekaa vizuri kwenye majalada. Halina mtendaji na halina tarehe, wala halisemi ni usiku gani na kwa nini. Shamba linaonekana kana kwamba liliachwa kwa namna mvua inavyoacha kunyesha. Mwandishi wa Kiswahili akiandika habari za Rumonge, namsihi asilitumie mpaka awe na hakika kwamba hakuna aliyemtoa mwenye shamba shambani. Na kama hakika hiyo haipo, aandike waliokimbia, aandike na mwaka.

Mkataba wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, ulikubali kwamba mkimbizi anayerudi ana haki ya kuipata mali yake, ardhi kwanza, au fidia. Tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine iliundwa 2006. Mwanzoni ilielekea kuwapatanisha watu kwa kugawana shamba, nusu kwa aliyerudi na nusu kwa aliyekuwemo; katika miaka ya 2010 ikageuka, ikawa inarudisha shamba zima kwa mwenyewe wa kwanza. Rumonge ikachemka. Mtu aliyepanda michikichi yake miaka 35 akaambiwa ondoka, na kwa haki kabisa naye alisema haondoki bali anaondolewa. Namsikiliza, na sioni kama yeye na aliyerudi ni mwongo na mkweli. Wote wawili walitolewa na mkono uleule wa dola, kwa zamu, na Kiswahili kina kiambishi cha kusema hivyo kwa kila mmoja wao.

Neno mkimbizi linatokana na kukimbia, kama mtembezi anavyotokana na kutembea. Ni neno la mwendo tu. Halisemi mtu anakimbia nini wala anakwenda wapi. Ukitaka kusema anakokwenda, lazima useme anakimbilia, na hapo mahali pa kumpokea panapata jina, kimbilio. Mwaka 2015, baada ya ghasia za muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, kimbilio la watu wa mwambao wa kusini lilikuwa Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na maji, ng'ambo kidogo ya mpaka. Watu maelfu kwa maelfu walijaa kwenye ukanda ule mwembamba wa mchanga, na Mei kipindupindu kikawaingia. Njia ya kutoka ilikuwa moja, ziwani. Meli ya Liemba, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1913, ikazamishwa 1916, ikainuliwa na kurudi kazini 1927, ndiyo iliyowabeba kwa mafungu hadi Kigoma. Kutoka huko walipelekwa kambi ya Nyarugusu. Miongoni mwao walikuwemo watu waliokimbia kwa mara ya pili au ya tatu, na kwa kila mara tuliwaita kwa jina lilelile, wakimbizi, kama kwamba ndiyo kwanza wanaanza.

Tunapofika kwenye kurudi ndipo naona Kiswahili kimepungukiwa, na jirani yake Kirundi ametajirika. Kirundi husema guhunga, kukimbia kwa kuokoa maisha; mkimbizi ni impunzi. Kisha kinachukua mzizi huohuo na kuupa kiishio cha kutendua: guhunguka. Ni kurudi, lakini si kila kurudi. Mtu aliyekwenda sokoni akarudi hakuhunguka. Aliyekwenda kusoma Ufaransa akarudi hakuhunguka. Anayehunguka ni yule aliyehunga tu, na kwa kufika kwake anakifungua kile kitendo cha kwanza. Warundi wanawaita waliorudi abahungutse, neno moja lenye kukimbia na kurudi ndani yake. Anayelisikia analazimika kukumbuka kwamba mtu huyu alifukuzwa, hata siku anayokaribishwa.

Sisi Waswahili tunakijua kiishio hicho vizuri. Tunategua tulichotega, tunakunjua tulichokunja, tunafumbua tulichofumba. Kilichokunjwa hukunjuka na kilichofumbwa hufumbuka. Lakini kwetu mlango huo umekuwa mzito, na hatutengenezi maumbo mapya kwa urahisi. Hakuna kukimbuka. Tuna kurudi, ambako kunamfaa mwanafunzi, mvuvi na mgonjwa aliyeruhusiwa hospitali. Tuna kurejea, ambako ni kurudi kulikovaa kanzu. Vyombo vya habari vikitaka kuwataja watu hawa husema "wakimbizi waliorejea nyumbani", maneno matatu, na la kwanza linaendelea kuwaita wakimbizi hata baada ya kufika.

Kwa hiyo napendekeza tulichukue neno la Kirundi, tulitoe gu- yake na kuliweka ku- yetu: kuhunguka. Halitakuwa geni masikioni. Waha wa Kigoma, ambao lugha yao na Kirundi ni ndugu wa karibu sana, hawatahitaji kufundishwa. Wala si jambo jipya kwa Kiswahili kukopa neno la kuondoka kutoka lugha ya ndani ya bara. Mwalimu Julius Nyerere alipoachia urais mwaka 1985 alituletea kung'atuka kutoka Kizanaki chake, na leo hakuna mhariri anayeliwekea neno hilo alama za kunukuu. Kung'atuka kulipokelewa kwa sababu kulitaja jambo ambalo kujiuzulu na kuondoka havikulitaja: kuachia kiti kwa hiari na kwa staha. Kuhunguka kunataja jambo lililowapata watu wengi kuliko marais.

Likipokelewa, litatuletea na jina la upande wa pili. Kirundi huwaita waliokuwepo abasangwa, waliokutwa, kutokana na gusanga, kukuta. Naliona neno hilo kuwa la upole: halimwiti mtu mvamizi wala mwenyeji wa asili, linasema tu kwamba aliyerudi alimkuta. Wahunguki na waliokutwa wanaweza kuketi kwenye kikao kimoja bila jina la yeyote kuwa tusi.

Litatuletea na maswali magumu. Tangu 2008, zaidi ya watu 50,000 wa kizazi cha 1972 walirudi Burundi kutoka makazi ya zamani ya Tanzania. Wengi walikuwa wamezaliwa huko. Waliingia na Kiswahili mdomoni, Kirundi cha kusikia kwa wazazi, na bila Kifaransa cha darasani. Shule ziliwasumbua, na wengine walikosa shamba, wakapelekwa kwenye vijiji vipya vilivyoitwa vya amani. Kwa sarufi kali, kijana huyo hakuhunga, basi hawezi kuhunguka. Warundi hawakuwa wakali hivyo. Walimhesabu pamoja na baba yake. Nadhani walikuwa sahihi, kwa sababu kukimbia kule kulirithiwa pamoja na jina la ukoo, na kinachorithiwa kinaweza kutenduliwa na mrithi. Halafu kuna wale waliochagua kubaki. Tanzania iliwapa uraia watu wapatao 162,000 wa makazi hayo. Hao hawakuhunguka, wala si wakimbizi tena. Kwao kitenzi kimehama: walikimbia, wakahamia. Hiyo -ia inawatosha, na naona ni uungwana kuwaachia.

Sababu yangu kubwa ya kulitaka neno hili, hata hivyo, iko kwenye maumbo yake mengine. Kuanzia 2017, Tanzania, Burundi na Umoja wa Mataifa zimekuwa zikiwarudisha watu kutoka Nduta, Nyarugusu na kambi nyingine, na karatasi zote husema kurejea kwa hiari. Maneno hayo mawili ya mwisho yameongezwa kwa kuwa kurejea peke yake hakuwezi kutuambia kama mtu alitaka, na mashirika ya haki za binadamu yamekwisha kulalamika kwamba baadhi ya watu walisukumwa. Kuhunguka kungetuondolea haja ya kiraka hicho. Kama kuanguka kulivyo na kuangushwa, na kuamka kulivyo na kuamshwa, kuhunguka kuna kuhungushwa. Mama anayeshuka kwenye basi na magodoro yake na watoto watatu ataulizwa lipi kati ya hayo mawili limempata, na atakuwa na neno la kujibia.